Je, Kingazija ni Lahaja ya Kiswahili? Historia ya Visiwa vya Komoro kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Yeyote aliyesoma Kiswahili katika shule ya upili nchini Kenya anaikumbuka orodha ya lahaja. Huanza na Kiamu, Kipate na Kisiu, ikateremka hadi Kimvita, Kichijifundi na Kivumba, ikavuka mpaka kuingia Kimtang'ata, ikapitia Kiunguja, Kihadimu, Kitumbatu na Kipemba, na mahali fulani karibu na mwisho, katika vitabu kadhaa, likatokea jina Kingazija pamoja na maelezo kwamba lahaja hiyo huzungumzwa katika visiwa vya Komoro. Maelezo hukomea hapo. Taifa zima limetengewa mstari mmoja, nao mstari huo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, una walakini.

Mimi pia niliikariri orodha hiyo, nikatahiniwa, nikaipata alama yangu. Baadaye nikaifundisha. Siku za Jumamosi mimi huwasaidia watahiniwa wachache wa Kidato cha Nne katika mtaa wa Kaloleni, hapa Eastlands, na mwaka uliopita msichana mmoja kutoka Majengo aliniuliza iwapo Wangazija huzungumza Kiswahili kama sisi. Nilimjibu bila kusita kuwa huzungumza, ila kwa lafudhi yao. Jumamosi iliyofuata alikuja na simu yenye hotuba iliyotolewa Moroni. Tulisikiliza sote kwa makini. Maneno mawili matatu yalitupitia kama watu tunaowafahamu kwa sura tu. Mengine yote hatukuyaelewa. "Mwalimu," akasema, "hiki si Kiswahili." Sikuwa na jibu, na makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Niliwauliza wanafunzi hao wanajua nini kuhusu Komoro. Wavulana walitaja kandanda: Novemba 2020 Harambee Stars walitoka sare ya 1-1 na Komoro Nairobi, kisha wakafungwa 2-1 Moroni. Mzazi mmoja aliyekuwa mlangoni alitaja ndege ya Ethiopia iliyotekwa Novemba 1996 ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Watu 125 walikufa, miongoni mwao mpiga picha maarufu wa Kenya, Mohamed Amin. Mpira na ajali, basi. Hayo ndiyo tunayoyajua kuhusu majirani ambao lugha yao tumeiandika katika vitabu vyetu kana kwamba ni yetu.

Visiwa na wakazi wake wa kwanza

Visiwa vyenyewe ni vinne na viko kati ya Msumbiji na Bukini: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Wafaransa huviita Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte. Jina Komoro limetokana na jina la Kiarabu ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa visiwa vya mwezi. Waswahili wa pwani hawakujali sana tofauti za visiwa. Unguja na Mombasa mtu wa Nzwani na mtu wa Mwali wote waliitwa Wangazija, kwa jina la kisiwa kikubwa chenye mlima wa volkano uitwao Karthala, ambao urefu wake unazidi mita 2,300. Hapo ndipo ulipo mzizi wa kwanza wa tatizo letu: hata jina "Kingazija" tunalolitumia kwa visiwa vyote ni jina la lugha ya kisiwa kimoja.

Nani aliyetangulia kufika? Simulizi za wenyeji, kama zile za Kilwa na Unguja, hutaja Washirazi waliokuja na majahazi. Simulizi hizi hazifai kudharauliwa, kwa maana zinatueleza jinsi watawala walivyotaka kukumbukwa; lakini ardhi nayo ina simulizi yake. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Henry Wright, alioutangaza mwaka 1984, ulidhihirisha kuwa kufikia kati ya karne ya 8 na ya 10 visiwa vyote vinne vilikuwa na vijiji. Utamaduni huo huitwa wa Dembeni, kwa jina la mahali fulani Maore. Watu wa Dembeni walifua chuma, walivua samaki, walitumia vyungu vya jamii moja na vile vya pwani ya Afrika Mashariki, na walinunua bidhaa kutoka Ghuba ya Uajemi. Mwaka 2016 watafiti wengine walichapisha matokeo ya kuchunguza mbegu zilizoungua katika makazi hayo ya kale. Walitarajia mtama na wimbi, nafaka za Kiafrika. Badala yake walipata kwa wingi mpunga, choroko na pamba, mimea ya Asia. Hii ni dalili kwamba mabaharia kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, ndugu wa wale waliokaa Bukini, walifika Komoro mapema sana.

Kwa hiyo tangu karne zake za mwanzo jamii ya Komoro ilikuwa na mkulima wa mpunga kutoka mashariki na msemaji wa lugha ya Kibantu kutoka magharibi. Aliyeshinda kilugha ni huyu wa pili, isipokuwa Maore, ambako hadi leo baadhi ya vijiji huzungumza Kibushi, lugha ya jamii ya Kimalagasi.

Ndugu, wala si mtoto

Sasa tuingie katika uwanja wetu. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Sabaki, waliliweka kundi hilo pamoja hivi: Kielwana, Kipokomo, lugha za Mijikenda, Kiswahili, na lugha za Komoro. Lugha mama ya kundi hili inakadiriwa kusemwa upande wa kaskazini wa pwani ya Kenya katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Wanaozungumza Shingazija, Shimwali, Shindzuani na Shimaore, ambazo kwa pamoja huitwa Shikomori, wametengana na Waswahili kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kama Shikomori ni lahaja ya Kiswahili, basi Kigiriama na Kipokomo pia ni lahaja za Kiswahili, na sijaona kitabu cha shule kinachothubutu kusema hivyo.

Mifano michache itatosha. Kiambishi chetu ki- kwao ni shi-, kama jina la lugha yenyewe linavyoonyesha. Mtu ni mdru, watu ni wandru, tatu ni ndraru. Mwanafunzi akizoea mabadiliko hayo ya sauti huanza kuona njia. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa nambari. Sisi tulizitupa nambari tatu za Kibantu tukachukua za Kiarabu: sita, saba na tisa. Wangazija husema mfukare kwa saba na shenda kwa tisa. Je, hatuyajui maneno haya? Tunayajua. Tisa tuliiita kenda, na wazee wangali wanasema hivyo. Na zile siku saba za maharusi tunaziita fungate. Sisi tumeibakisha nambari hiyo chumbani mwa maharusi. Wao wanaitumia sokoni kila siku. Vilevile kitabu kwao ni shiyo, na mwanafunzi wa fasihi ya kale atakumbuka kuwa chuo kwa Kiswahili cha zamani kilikuwa na maana hiyo hiyo ya kitabu kabla hakijawa jengo.

Mara nyingine neno ni lile lile ila maana imekwenda na jamii. Mtu mzima kwetu ni suala la umri. Ngazija, mdrumdzima ni mwanamume aliyetimiza anda, ile ndoa kuu ya gharama kubwa inayompa haki ya kusema katika baraza la mji. Asiyeitimiza, hata akiwa na mvi, hupewa nafasi ya kijana. Aidha, nyumba na mashamba ya ukoo hurithiwa kwa upande wa wanawake, desturi iliyodumu sambamba na sheria ya Kiislamu kwa karne nyingi. Anayetafsiri mdrumdzima kwa kuandika "mtu mzima" amepatia neno na kukosa jamii.

Masultani, mabaharia na kalamu

Nitazipita haraka karne ambazo Ngazija iligawanyika katika masultani wengi waliopigana, Bambao na Itsandra wakiwa na nguvu zaidi. Nzwani ilikuwa na sultani mmoja na bandari nzuri. Katika karne za 17 na 18 meli za Waingereza zilizoelekea Bara Hindi zilitua huko kuchukua maji, machungwa na nyama. Mwanazuoni William Jones alipita Nzwani mwaka 1783 na kuiandikia makala. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19 yakaja mashambulizi ya Wamalagasi waliovuka kwa makundi makubwa ya ngalawa kuteka watumwa. Miji ilijengewa kuta. Ikoni, Ngazija, bado inasimuliwa habari ya wanawake waliojirusha kutoka kwenye jabali ili wasichukuliwe.

Katika kipindi hiki ndipo tunapokutana na Kiswahili chenyewe, na mimi nadhani hapa ndipo orodha ya lahaja ilipopotoka. Mkomoro alizungumza lugha ya kisiwa chake nyumbani, akasoma dini kwa Kiarabu, na alipotaka kumwandikia mtu wa nje, aghalabu alitumia Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1865 Kadhi Omar Abubakari wa Maore aliandika kwa njia hiyo tarihi ya kisiwa chake. Said Bakari bin Sultan Ahmed aliandika kwa Kiswahili tarihi ya Ngazija, ambayo Lyndon Harries aliihariri na kuichapisha mwaka 1977. Naye Selim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja, aliandika habari za safari yake ya Urusi na Siberia. Zilitoka katika mkusanyiko wa Carl Velten mwaka 1901. Wanafunzi wa nathari ya Kiswahili husimuliwa kwamba nathari yetu ilianza na wamisionari na tafsiri. Mngazija huyu alikuwa ameshaiona theluji ya Siberia na kuieleza kwa Kiswahili kabla riwaya ya kwanza ya Kiswahili haijaandikwa. Sielewi kwa nini hatumfundishi.

Hivyo basi kuna Shingazija, lugha ya Wangazija, na kuna Kiswahili kilichoandikwa na Wangazija. Mtafiti wa kigeni aliyeuona waraka wa Kiswahili kutoka Ngazija angeweza kudhani kuwa ndiyo lugha ya nyumbani ya huko. Wale waliomfuata walinakili, nasi tukawanakili hao.

Wangazija walivyotufikia

Upepo wa kusi ulileta watu pamoja na maandishi. Unguja ya masultani wa Busaidi ilikuwa na jamii kubwa ya Wangazija: mabaharia, askari, walimu na makadhi. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861, alikuwa kadhi mkubwa wa Unguja na mmoja wa wanazuoni mashuhuri wa pwani nzima hadi alipofariki mwaka 1925. Sheikh Burhan Mkelle, aliyezaliwa Unguja katika jamii hiyo hiyo, aliandika kwa Kiarabu historia ya Ngazija.

Msomaji wa Eastlands hana haja ya kwenda mbali kutafuta alama. Pumwani kuna msikiti uitwao Riyadha, na wengi wetu tunaupita tukielekea Gikomba bila kujiuliza jina hilo. Jina hilo linajulikana zaidi kwa msikiti wa Lamu, ulioanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Habib Swaleh, mtu aliyezaliwa Ngazija. Alifika Lamu akiwa kijana, akawafundisha hata wale ambao waungwana wa mji hawakutaka kukaa nao darasani, wakiwemo watumwa wa zamani na watoto wao, na maulidi aliyoyaanzisha yangali yanawavuta watu Lamu kila mwaka. Yule msichana wa Majengo, ambaye babu zake walizoea maulidi hayo, hakuwa amewahi kuambiwa kuwa mwanzilishi wake alikuwa Mngazija. Wala mimi.

Ufaransa, uhuru na kisiwa cha nne

Aprili 1841 mtawala wa Maore, Andriantsoly, ambaye mwenyewe alikuwa Mmalagasi mkimbizi, alikiuza kisiwa kwa Ufaransa. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886. Ngazija, Sultani Said Ali alikuwa ametia saini mwaka 1885 mkataba uliompa Mfaransa Léon Humblot haki ya kuchukua ardhi karibu atakavyo. Mashamba ya mimea ya manukato yakachukua nafasi ya chakula, na sultani mwenyewe akaishia uhamishoni. Mwaka 1912 visiwa vyote vikawa koloni na kuunganishwa na Bukini. Vilitenganishwa nayo mwaka 1946.

Kwa mtazamo wa lugha, hili ndilo pigo. Wakati Tanganyika, Kenya na Unguja zilikuwa zikisanifisha Kiswahili kuanzia miaka ya 1930, Komoro ilikuwa upande wa pili wa mpaka wa kikoloni, ikisomeshwa Kifaransa. Barua ya Kiswahili ikakosa wa kumwandikia. Uhusiano haukukatika kabisa, kwani chama cha ukombozi cha MOLINACO kiliundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Wakomoro waliokuwa wakiishi Afrika Mashariki.

Kura ya maoni ilipigwa tarehe 22 Desemba 1974. Ngazija, Nzwani na Mwali walitaka uhuru kwa kauli karibu moja; walio wengi Maore waliukataa. Ziko sababu nyingi, mojawapo ikiwa uchungu wa makao makuu kuhamishwa kutoka Dzaoudzi, Maore, kwenda Moroni. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah alitangaza uhuru wa visiwa vyote vinne, na Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne. Ufaransa ilibaki na kimoja.

Abdallah alipinduliwa kabla mwezi haujaisha. Ali Soilih, aliyeshika madaraka tangu Januari 1976, ndiye kiongozi anayestahili kusomwa na mwanafunzi wa lugha. Alihutubia taifa kwa Shikomori badala ya Kifaransa, akataka kiandikwe na kutumika serikalini, akaipiga marufuku anda, akawapa vijana wa shule mamlaka ambayo wengine waliyatumia vibaya, na kumbukumbu za serikali ya kikoloni zikachomwa moto. Siwezi kumsifu mtu aliyechoma nyaraka. Mtafiti yeyote ataumia. Hata hivyo, hakuna kiongozi mwingine wa Komoro aliyeichukulia lugha ya watu wake kwa uzito kama huo. Mei 1978 alipinduliwa na mamluki wa Bob Denard, yule yule aliyemsaidia kuingia, akauawa mwezi huo huo. Abdallah akarejeshwa, naye akauawa Novemba 1989.

Mapinduzi na majaribio yaliendelea. Mwaka 1997 Nzwani ilijitangaza kuwa imejitenga. Azali Assoumani alichukua nchi Aprili 1999. Katiba ya Desemba 2001 ikaunda Muungano ambamo urais ulizunguka kati ya visiwa, na Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo Watanzania, yalimng'oa Mohamed Bacar Nzwani. Azali alirudi kwa kura mwaka 2016, na kura ya maoni ya 2018 ikamruhusu kuendelea. Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa Machi 2011.

Kati ya Nzwani na Maore kuna kama kilomita 70 za bahari. Tangu Januari 1995 Mkomoro anahitaji viza kuvuka, na wasio nayo huvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa. Maelfu wamezama. Wanaozama na wanaowarudisha mara nyingi husikilizana kwa lugha, kwa sababu Shindzuani na Shimaore zinakaribiana mno. Kimbunga Chido kilipoipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024, vibanda vilivyosombwa vilikuwa kwa sehemu kubwa vya waliovuka hivyo.

Kurudi darasani

Niliporejea Kaloleni niliwaeleza wanafunzi kwamba nilikosea, na kwamba kitabu kilikosea kabla yangu. Nilifuta Kingazija katika orodha ubaoni, nikaandika Shikomori pembeni, chini ya Kipokomo na Kigiriama. Mvulana mmoja, ambaye nyanya yake ni Mgiriama wa Kilifi, alicheka kwa furaha kuiona lugha ya nyanya ubaoni. Nadhani haikuwahi kuandikwa mbele yake darasani. Tukahesabu pamoja: saba, fungate, mfukare, tisa, kenda, shenda.

Yule msichana wa Majengo alinukuu yote, kisha akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi pia: mtahini akitaka lahaja tano za Kiswahili, na mwongozo wake wa kusahihishia una Kingazija, afanyeje? Nilimwambia aandike Kiamu, Kimvita, Kivumba, Kipemba na Kimtang'ata. Alama ni zile zile.